Dorotea Atoa Funguo kwenye Faili

Kila jioni nyumbani Ilemela, Venant alimsifu dada yake. "Rebeka anaijua kazi," alisema huku akimega ugali. Mkewe Dorotea aliisogeza sahani yake kando. Wivu ni kidonda jamani, na chake kilikuwa kibichi.

Dorotea na wifi yake walifanya kazi ofisi moja, Nyamagana. Walitengeneza kompyuta ya mfano yenye programu zote, kisha wakainakili kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni. Hizo huitwa klaudi. Mteja mpya, kiwanda cha samaki, alitumia klaudi mbili.

"Atakayemaliza kwanza kompyuta yao ya mfano ndiye atakayesimamia kazi ya kiwanda," alisema bosi wao, Bwana Masele.

Safari hii wifi atanikoma, aliwaza Dorotea. Akaandika faili la maelekezo ya kuitengeneza kompyuta hiyo, na humo humo akaweka funguo za siri, yaani maneno ya kuingilia, za klaudi zote mbili. Saa nne asubuhi akalirusha kwenye kundi la kazi la simu lenye watu arobaini, ili wote waone.

Punde Rebeka alikuwa mezani kwake.

"Wifi, funguo ziko wazi. Mtu yeyote ataingia kwenye kompyuta za mteja."

"Unanionea gere," alisema Dorotea.

"Gere tutaongea baadaye. Zifute kule klaudi, uchukue mpya. Kufuta ujumbe hakutoshi, watu wameshaupakua."

Dorotea alizifuta zote, akachukua mpya.

Rebeka akamwonyesha faili lake. Penye funguo palikuwa na jina tu.

"Hiki huitwa kigeu," alieleza. "Ni jina linaloshika nafasi. Funguo zenyewe nazitunza nje ya faili. Programu ikianza kazi, inazisoma huko. Kila klaudi ina vigeu vyake."

"Na funguo zikibadilika?"

"Faili siligusi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza saa ngapi, wifi? Tangu Pasaka hunisalimii."

Dorotea aliona aibu. Akaandika upya kwa vigeu, na kompyuta zikakubali kwenye klaudi zote mbili.

Saa tisa alasiri ripoti ya klaudi ilitoka. Mtu asiyejulikana alikuwa amejaribu funguo za zamani mara tisa. Zilimkatalia.

Dorotea aliisoma mara mbili. Akaenda kwa Bwana Masele, akaeleza kosa lake lote.

"Kazi ya kiwanda mpe Rebeka," alisema.