Gaëlle na Beseni la Majani

Victorine ni fundi cherehani. Anaishi Hillbrow, Johannesburg, ghorofa ya saba, pamoja na mumewe Firmin na binti yao Gaëlle. Walitoka Likasi, Kongo. Firmin ni mlinzi wa ofisi moja huko Midrand. Huondoka nyumbani alfajiri. Victorine hushona palepale chumbani. Mkasi uko mezani, pasi ya moto iko pembeni, pini ziko kila mahali.

Gaëlle alikuwa na miaka sita. Hakusema maneno mengi. Alijua kuomba maji na alijua kusema "hapana". Alikuwa na usonji. Daktari aliwaambia hivyo wazazi wake kwa dakika tano, kwa Kiingereza, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Hakuwaeleza waishi vipi na mtoto huyo. Mimi naona hiyo ni aibu ya daktari, si ya wazazi.

Kila asubuhi Gaëlle alikwenda chekechea ya Maman Mamie, mtaa wa pili. Huko alikuwa mbali na mkasi na pasi, na mama yake aliweza kufanya kazi.

Mwaka 2017, mwezi wa Aprili, majani ya miti yalianza kupukutika. Maman Mamie akataka watoto watengeneze picha. Kila mtoto apake gundi kwenye karatasi kwa vidole, kisha abandike majani makavu. Gaëlle alipoiona gundi alificha mikono mgongoni.

"Hapana," alisema. Alisema vizuri, na kila mtu alisikia.

Maman Mamie akamshika mkono kwa nguvu, akaingiza vidole vyake kwenye gundi. Gaëlle akapiga yowe. Akapindua meza, akamkwaruza Maman Mamie shavuni.

Mchana Victorine alimkuta binti yake ameketishwa nje ya mlango, peke yake. Gundi ilikuwa imekauka vidoleni. Hakuna aliyemnawisha. Hata sahani huoshwa baada ya kutumika.

"Mama Gaëlle, huyu mutoto wako eko na mikono mubaya," Maman Mamie alisema. "Mikono yake ikitulia, umulete. Isipotulia, ubaki naye kwako."

"Lakini gundi inamusumbua, Maman Mamie. Alikwambia hapana."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Methali hiyo ni nzuri. Inawafaa wazazi wanaoogopa kuwaonya watoto watundu. Haikutungwa ili mtu mzima apate ruhusa ya kumtesa mtoto. Lakini Victorine alinyamaza, maana chekechea nyingine zilikuwa zimeshamkataa Gaëlle.

Jioni Firmin alisikiliza habari hiyo, akashika kichwa.

"Hapa ndani kuko mkasi, kuko pasi," alisema. "Mutoto hawezi kubaki hapa kutwa. Dada yangu anarudia Likasi mwezi wa sita. Kama krechi ya Maman Mamie inamukataa, aende naye kwa mama yangu."

"Gaëlle aende mbali na miye? Hapana, Firmin."

"Miye pia ninaumia. Donc tufanye nini?"

Kesho yake Victorine alifanya jambo ambalo ni fundi tu angeweza kuliwaza. Alimshonea Gaëlle gauni jipya la mikono mirefu. Kisha akaziba ncha za mikono hiyo kwa mshono wa mara mbili. Vidole vikabaki ndani. Alifikiri hivi: mikono isipoonekana, itatulia, na Maman Mamie atamrudisha.

Haikutulia. Siku ya kwanza Gaëlle alitafuna kitambaa. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alianza kugonga kichwa ukutani.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na mteja mmoja alikuja kujaribu gauni lake. Jina lake Kawira, Mkenya anayeishi mtaa wa Observatory. Kazi yake ni kuwasaidia watoto wenye ulemavu kutumia mikono na miili yao. Alimwona Gaëlle, akaweka mkoba chini.

"Mama Gaëlle, nani ameshona mikono hivi?"

"Ni miye, dada Kawira."

"Nipe mkasi. Gauni langu lingoje."

Kawira alikata mishono taratibu, mmoja mmoja. Vidole vya Gaëlle vilitoka vimekunjamana. Victorine akaanza kulia, akaeleza yote: gundi, Maman Mamie, safari ya Likasi.

"Nimekasirika, siwezi kukuficha," Kawira alisema. "Lakini nimemkasirikia zaidi huyo mwalimu. Na daktari pia. Ata mtu mmoja hakukaa chini akueleze?"

"Hakuna."

"Basi nisikilize mimi. Si utundu, si pepo, na si malezi mabaya. Ngozi ya Gaëlle inasikia vitu kuliko yako. Kitu chenye majimaji kinaweza kumuumiza kweli. Lakini mikono yake inahitaji kazi. Akishika kitu anachokipenda, anatulia. Wewe ulimnyima hicho."

Mchana ule waliondoka wote kwa gari la Kawira. Mtaani kwake Observatory majani makavu yalikuwa yamejaa kando ya barabara. Victorine aliokota pia matunda madogo ya njano yaliyoanguka chini ya mti.

"Hayo yatupe," Kawira alisema. "Ni ya mti wa msaringa, yana sumu. Na usimpe mbegu ndogo, anaweza kupaliwa. Chukua majani, na haya maganda makubwa ya jakaranda."

Walijaza beseni. Kawira akaketi chini, akatia mkono wake mwenyewe ndani. Hakumwita Gaëlle.

"Mwambie aje," Victorine alinong'ona.

"Tusubiri. Anatuona."

Walisubiri sana. Kisha Gaëlle akasogea. Hakutia mkono. Akavua kiatu, akatia mguu.

"Dada, anaharibu."

"Anaanza. Mguu nao una ngozi."

Majani yakavunjika chini ya mguu wake. Gaëlle alisikiliza ule mlio, akakanyaga tena. Kisha akainama, akachukua jani moja kwa vidole, akalisaga. Akacheka. Victorine alikuwa hajausikia mcheko huo tangu siku ya gundi.

Kabla hawajaachana, Kawira alimwelekeza zaidi. Gaëlle afanye kazi hii dakika kumi kila siku, redio ikiwa imezimwa. Aanze na vitu vikavu. Gundi apake kwa brashi, na kitambaa chenye maji kiwe karibu ili ajifute.

"Na akisema hapana?" Victorine aliuliza.

"Unaacha. Siku hiyohiyo, dakika hiyohiyo."

Victorine alifanya hivyo wiki tatu. Firmin naye, siku zake za mapumziko, alileta majani kutoka Midrand kwenye mfuko wa plastiki. Gaëlle alijifunza kushika brashi. Ukuta wa chumba ukajaa picha za majani.

Mwezi wa Mei, Victorine alibeba beseni mpaka chekechea. Hakubisha hodi kwa unyonge.

"Maman Mamie, nimekuja na mutoto na kazi yake. Umuangalie kwanza, halafu useme."

Gaëlle akaketi. Akachagua jani, akapaka gundi kwa brashi, akabandika. Akajifuta, akachagua lingine. Watoto wengine wakamzunguka, naye hakumkwaruza mtu. Maman Mamie akasogea kuona vizuri.

Gaëlle akamshika mkono, akautia kwenye beseni.

"Hapana!" Maman Mamie alisema, akajivuta. "Yananikwaruza. Sipendi miye."

"Gaëlle, mama," Victorine alisema, "umuachilie. Amesema hapana."

Gaëlle akauachilia mkono palepale.

Maman Mamie aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mtoto.

"Miye sikumuachilia siku ile," alisema hatimaye. "Unisamehe, Mama Gaëlle."

"Si miye wa kuombwa. Ni yeye."

Maman Mamie akapiga magoti mbele ya Gaëlle, akamwomba msamaha, watoto wote wakisikia. Gaëlle alimpa jani, akaendelea na kazi yake. Jumatatu alirudi chekechea, na kila mtoto alikuta brashi na kitambaa chake mezani.

Mwezi wa sita, dada yake Firmin alipanda basi la kwenda Likasi peke yake.