Mchezaji wa Pili

Chumba cha Hashimu kilinuka mvua mwezi wa saba. Dodoma mwezi wa saba ni upepo na vumbi na midomo kupasuka, mvua haipo. Alikagua ndoo, akakagua dari, kote kukavu. Harufu ilitoka kitandani, pale alipoacha simu.

Alikuwa mtu wa kijiji cha Kolo, karani wa ghala moja mjini, mpangaji wa Mama Evarista pale Nkuhungu kwa miezi minane, na hakuwa na hata mtu wa kumuuliza ameshindaje. Rafiki yake alikuwa gemu la mtandaoni, la mapanga na majitu, ambalo unamkuza shujaa wako kiwango kwa kiwango. Alifika cha sitini akakwama mbele ya lango la jiwe, lisilofunguka mpaka wasimame wachezaji wawili.

Ndipo alipoandika kwenye kundi la wacheza gemu: "Wakuu, kama hamjacheza hili, hamjacheza kitu. Mapigano yake yanataka akili, si kubonyeza ovyo. Njooni, nitawafundisha mwanzo mpaka mwisho."

Kundi lilikuwa na watu mia nne. Mmoja aliweka kikatuni cha kucheka. Wiki nzima Hashimu alichungulia simu, maskini, hadi chooni.

Jumapili alasiri akaandika tena: "Yeyote anayesikia, aliye karibu nami, aje. Karibu sana."

Kwao hilo halifanywi. Bibi yao Tabu, akipakua chakula shambani chini ya majabali, aliwaita wajukuu kwa majina, mmoja mmoja, hata wakiwa kumi. Hakusema kamwe karibuni wote. Alisema wanaosikia kule si watu peke yao. Hashimu alilijua hilo tangu utotoni, lakini nani angedhani simu nayo ni shamba?

Dakika ileile mchezaji akasimama kando yake langoni. Juu ya kichwa, mahali pa jina, palikuwa patupu. Lango likafunguka, na tangu usiku ule chumba kikaanza kunuka mvua.

Alikuwa mwenzi wa kweli, hachelewi wala hachoki. "Umekula leo?" aliandika. "Kazini wamekuudhi?" Hashimu alicheka kwa sauti chumbani, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua, hakuwa amekisikia siku nyingi.

Kisha Mama Evarista akamkuta uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamtafuta nani hapa, baba?"

Alidhani utani. Kesho yake msimamizi wa ghala akamuuliza ametumwa na nani, jina lake halikuwa kwenye zamu, na jioni alipovua visikizi vya masikioni ile pumzi nzito ya mwenzake aliyoizoea kuisikia ndani ya gemu haikukatika, iliendelea pale pale kitandani, taratibu, upande wa ukutani, na harufu ya mvua ikazidi mpaka mito ikawa na unyevu, naye akakaa bila kugeuza shingo kwa sababu alijua akigeuka atamwona, na akimwona hataweza tena kusema yuko peke yake.

Ijumaa dada yake Hamida alishuka kutoka Kolo na baba yao mdogo, Mzee Bashiri, mwalimu wa madrasa anayetibu watu kwa kombe, maji ya kunywa yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini.

"Nilitaka kukutumia ujumbe," Hamida alinong'ona, macho mekundu. "Jina lako likanitoka, Hashimu. Ndugu yangu wa tumbo moja! Nikalitafuta nusu saa."

Mzee Bashiri alinusa chumba. "Huyu kaitwa, hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Anakula kumbukumbu ya watu wako. Akimaliza, hata mama yako hatakujua. Mimi nitasoma, lakini aliyemkaribisha ndiye anayemuaga. Sema kwa kinywa chako: nenda kwenu. Mara tatu."

Akampa kombe, Hashimu akanywa. Mzee akamfunika shuka jeupe, akaanza kisomo. Chini ya shuka simu ilikuwa mapajani.

"Nenda kwenu," alisema Hashimu.

Kitanda kikalia. Hamida akamshika Mzee Bashiri mkono.

"Nenda kwenu."

Kioo cha simu kikawaka. "Wamekuja leo," iliandikwa. "Miezi minane walikuwa wapi?"

Hashimu alilia. Alimpenda dada yake, na alijua kwamba kesho asubuhi dada atapanda basi, na Jumatatu hakuna atakayemuuliza kama amekula.

"Nenda kwenu," kinywa kikasema kwa nguvu, huku kidole gumba kikiandika: "Usiende."

Harufu ilikatika papo hapo. Hamida alipiga kigelegele, Mama Evarista akaja mbio akimwita Hashimu mwanangu, wakala ubwabwa uani mpaka magharibi. Kila mtu alikwenda kulala na moyo mweupe.

Kesho yake mchana alimpigia Hamida.

"Mmefika salama, dada?"

"Tumefika, alhamdulillah. Samahani, nani mwenzangu?"

Hashimu akakata simu. Godoro likabonyea upande wa ukutani, naye akasogea kidogo kumpisha.