Duara Namba Tisa

"Mgeni kaingia. Safu ya nne, tai ya kijivu. Usimguse."

Sauti ya Mkuu iliingia sikioni mwa Barafu kupitia kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Barafu hakugeuka. Alijikuna shavu, akaisogeza miwani yake juu kidogo, na kamera iliyofichwa kwenye fremu ikampiga picha mtu wa safu ya nne alipogeuka kuketi: uso, masikio, pete na yote.

Picha ikafika.

Mkuu akathibitisha kwamba ndiye. Kazi ilikuwa moja tu, kumfuata mpaka kwenye mzigo. Akikamatwa kabla ya mzigo kuonekana, wakili wake angemtoa kabla chai haijapoa.

Mzigo wenyewe ulikuwa bunduki. Kulikuwa na watu huko nje, wenye fedha zao na sababu zao, waliotaka nchi iwake moto kabla ya uchaguzi. Bunduki zilikuwa zinaingizwa ndani ya mitungi ya gesi iliyopasuliwa, ikajazwa, ikachomelewa na kupakwa rangi upya. Tai ya Kijivu ndiye aliyeusimamia mpango huo. Na leo, bila haya, alikuwa amekaa katikati ya kongamano la wataalamu wa uhalifu, kadi ya mtafiti ikining'inia shingoni, kalamu mkononi.

Utauliza alifuata nini kwenye mdomo wa mamba. Alifuata maarifa. Hapo ndipo polisi na wasomi walipokutana na kueleza kila wanachokijua, tena kwa hiari yao, tena kwa picha ukutani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na jamaa huyu alikuwa na kichaka kizima.

Kachero Barafu alikaa nyuma, akijichanganya na wakufunzi wa chuo cha polisi. Koti aliloazima lilimbana mabegani, lakini lilificha vizuri bastola ya Glock iliyokuwa kwapani.

Akapanda jukwaani Profesa.

Walimwita Mama Takwimu, hata mbele yake, naye alilipenda jina hilo. Miaka miwili alikuwa ameshirikiana na polisi. Alihoji wafungwa, alihoji madereva wa malori, na polisi wakampa kumbukumbu za simu za washukiwa na za maofisa, majina yameondolewa na kuwekwa namba. Alitaka somo la uhalifu lifundishwe kwa ushahidi wa nyumbani badala ya vitabu vya kuazima. Nani angelipinga jambo hilo? Ni mwanamke aliyeipenda kazi yake kwa moyo wote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Projekta ikawaka. Ukutani yakatokea maduara, mekundu na ya bluu, yameunganishwa kwa mistari.

Profesa akaeleza kwamba mekundu ni wasafirisha magendo, ya bluu ni watu wa vyombo vya dola, na mistari ni simu walizopigiana. Kadiri simu zilivyozidi, mstari ulinenepa. Kisha akaelekeza mwanga wa kalamu yake kwenye duara moja jekundu, namba tisa. Kutoka hapo ulitoka mstari mnene, ukavuka ukuta wote mpaka kwenye duara la bluu.

"Huyu," alisema kwa furaha, "ndiye daraja. Yuko kwao, na anaongea na sisi."

Barafu aliufuata mstari kwa macho mpaka mwisho.

Duara la bluu lilikuwa yeye, maana hakuna ofisa mwingine aliyekuwa na mtu wake ndani ya genge hilo.

Na namba tisa alikuwa shemeji yake.

Mume wa mdogo wake wa kike, tumbo moja, ziwa moja. Dereva wa lori la mitungi ya gesi, mtu mpole wa kucheka ovyo. Barafu mwenyewe ndiye aliyemwomba, jikoni kwa dada yake, wakati dada yake yuko uani akianua nguo. Alimwambia ni kusikiliza tu, shemeji, kusikiliza na kunipigia. Shemeji akakubali kwa sababu ya udugu, akaficha hata kwa mkewe. Sasa uhai wake ulikuwa umechorwa ukutani kwa rangi.

Tai ya Kijivu alikuwa ameacha kuandika. Aliutazama ukuta kwa makini.

Barafu akafanya alichoweza. Alinyoosha mkono, akajitambulisha kuwa mkufunzi, akauliza kwa unyenyekevu kama huenda namba tisa ni kosa la kumbukumbu, labda simu mbili zimechanganywa. Fundi yeyote angejibu kwamba inawezekana, na mambo yangeishia hapo. Lakini ukitaka kumwona msomi akikasirika, usimtukane. Zitilie shaka takwimu zake.

Mama Takwimu alivua miwani.

"Mkufunzi, nimehakiki mara tatu. Namba tisa nimemhoji mwenyewe, uso kwa uso. Ni dereva wa lori. Anatumia mkono wa kushoto. Ameoa, ana watoto wawili. Majina nimebadilisha, kama maadili ya utafiti yanavyotaka, lakini mtu yupo."

Ukumbi ukapiga makofi. Maofisa wa polisi walipiga kuliko wote.

Barafu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amekwenda kuzima moto na debe la petroli.

Tai ya Kijivu akainua Samsung yake, akapiga picha ukuta.

Mkono wa Barafu ukaingia mfukoni. Humo mlikuwa na kalamu ambayo haikuandika. Ukiibonyeza, mtandao wa simu wa jengo zima na mitaa ya jirani ungekufa.

"Usiibonyeze," Mkuu alisema. "Vijana wetu wanalifuata lori la namba tisa kwa mtandao huohuo. Ukizima, tumelipoteza."

"Anatuma picha, Mkuu."

"Naona."

"Watamuua."

"Ukimnyang'anya simu umewathibitishia. Kaa chini."

Barafu akakaa. Kupitia miwani aliivuta skrini ya yule mtu karibu, akaona kijimstari cha kijani kikijaa polepole, kikajaa, kikatoweka. Picha imekwenda. Wapo watakaosema angerusha risasi, angeruka viti, angefanya hiki na kile. Hayo ni maneno ya asiyekuwepo. Alikaa pale, mwanaume mzima mwenye bastola, akitazama kifo cha shemeji yake kikitumwa kama salamu za sikukuu.

Tai ya Kijivu akatoka, akaingia kwenye Prado nyeusi. Gari la doria lisilo na alama likamfuata kwa mbali.

Barafu hakuondoka naye. Alimshika Profesa kiwiko, akamwingiza stoo ya viti nyuma ya jukwaa, akafunga mlango. Akamweleza kwa maneno machache namba tisa ni nani, yule mgeni ni nani, na picha iko wapi sasa.

Profesa alikaa juu ya rundo la viti.

"Nilibadilisha majina yote," alisema.

"Ulibadilisha jina, ukamwacha mtu mzima."

Hakumgombeza zaidi. Muda haukuwepo, na hasira haikuwa na pa kwenda, maana waliotoa zile kumbukumbu ni polisi wenzake, na zile simu alipigiwa yeye. Alimuuliza jambo moja tu, kwa kuwa ndiye mwenye kulijua kuliko mtu yeyote nchini: watu hawa wakimshuku mwenzao, ni kitu gani huwafanya wamwamini tena?

Profesa alifumba macho. Utaalamu wake ukaja wenyewe, hata katika aibu ile. Alisema wafungwa wote aliowahoji walimpa jibu moja. Hawasikilizi mtu anachosema. Wanatazama serikali inamfanya nini baadaye. Mtoa habari huachwa, hufutiwa shitaka, hupunguziwa kifungo. Aliyeumizwa kuliko wenzake hawamshuku.

"Na ule mstari?" Barafu aliuliza. "Simu zote zile kwangu?"

"Mstari unaelezeka kama ni undugu. Mashemeji hupigiana." Akafumbua macho. "Lakini lazima undugu huo uvunjike kweli, mbele yao. Na wanamtazama mke kabla ya mume. Mke akijua siri, uso wake unaisema. Lazima alie kilio cha kweli. Samahani, mwanangu. Sina kingine."

Sikioni, Mkuu alikuwa amesikia yote.

"Mama anasema kweli," alisema. "Atashitakiwa kama kichwa cha genge. Atafungwa kweli, hakuna mlango wa nyuma. Na dada yako haambiwi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asibaki mtu wa genge wa kumuuliza."

Barafu aliegemea mlango. Kazini alisifiwa kwa kutotoka jasho, na jina alilipata hapo. Sasa shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alitafuta njia nyingine, akaitafuta tena, akakosa. Akashuka ngazi mbilimbili mpaka kwenye Hilux.

Redio ikakoroma.

"Lori limeingia bohari la gesi. Prado nayo ndani."

"Dereva?"

"Wamemshusha. Wamemfunga mikono."

Barafu akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Bohari lilikuwa uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta, na mitungi imepangwa kwa mamia chini ya paa la bati. Jua la alasiri liliwaka. Harufu ya gesi ilikuwa nzito kiasi cha kuchoma koo. Alipanda ukuta wa nyuma, akatambaa juu ya bati, akachungulia.

Shemeji yake alikuwa amepigishwa magoti kando ya mizani, waya kwenye viwiko, damu puani. Tai ya Kijivu alimshikia simu usoni, picha ya ukuta ikiwa wazi, akimuuliza kwa upole duara lile ni nani. Shemeji alitikisa kichwa tu. Tai akatoa bastola.

Mwenzake akamdaka mkono.

"Bosi, hapa tutaungua sote."

Kilichomwokoa shemeji ni uvundo wa gesi, si ushujaa wa mtu. Lakini hata Glock ya Barafu haikuwa na kazi hapo. Tai akaamuru dereva apelekwe garini, wakammalizie mbali.

"Ingieni," Barafu aliwanong'oneza vijana waliojificha nje ya lango, kupitia kidude. "Hakuna risasi. Narudia, hakuna risasi."

Akaruka.

Alitua kwenye mabega ya mlinzi wao aliyekuwa na bunduki. Mtu akalala, bunduki ikateleza chini ya lori. Wa pili alikuja na spana, Barafu akainama, akampa kiwiko cha mbavu na goti la kidevu. Lango likafunguka kwa kishindo, vijana wakamiminika. Tai ya Kijivu alikimbilia Prado. Barafu alimrushia kifuniko cha mtungi, kikampata kisogoni, akaanguka kifudifudi na tai yake yote.

Vijana wakawatia pingu Tai na wenzake.

Mmoja wa vijana alikata mtungi kwa msumeno wa mkono. Ndani, zikiwa zimefungwa kwa nailoni na grisi, bunduki zikaonekana. Mpango wa kuiwasha nchi ulikufa hapo, kwenye saruji, na hakuna aliyeshangilia.

Shemeji aliinua uso. Alipomwona Barafu akatabasamu, tabasamu lilelile la mezani.

"Shem..."

Barafu alimpiga ngumi ya mdomo kabla neno halijaisha.

"Huyu ndiye kichwa cha genge!" alipaza sauti mpaka Tai asikie. "Mtieni pingu mbili!"

Kisha akainama kumfunga yeye mwenyewe, mdomo karibu na sikio. "Nichukie," alimwambia kwa pumzi tu. "Ndiyo salama yako na ya watoto."

Shemeji alimtazama. Hakuwa mjinga. Barafu aliona akielewa, akaona pia akihesabu nyumba yake, mke wake, miaka yake. Halafu akamtemea damu kifuani.

Karandinga lilikuwa langoni, watuhumiwa wanapakiwa, na watu wamejaa nje kama kawaida ya watu. Katikati yao akapenya mdogo wake Barafu. Jirani aliyepita hapo alikuwa amempigia simu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemwangukia begani, kiatu kimoja hana. Askari walimzuia, akamwona kaka yake, akapumua kama aliyefika nyumbani.

"Kaka, afadhali upo," alisema. "Waambie. Huyu unamjua."

Barafu alimwona Tai ya Kijivu. Alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya karandinga, kisogo kinavuja, macho hayako kwa dereva wala kwa Barafu. Yalikuwa kwa mke, kama Profesa alivyosema.

Neno moja la pembeni lingemtuliza dada yake. Neno hilohilo lingemzika mumewe gerezani kabla ya mwezi kuandama. Barafu alitamani kulia, na haikuruhusiwa.

"Mimi ninazijua bunduki zilizokuwa kwenye lori lake," alisema kwa sauti ya kikazi. "Yeye simjui. Na wewe ukae mbali na gari la serikali."

Dada yake hakupiga kelele. Alimtazama kaka yake kuanzia viatu mpaka usoni, kama anayemtambua maiti.

"Basi na mimi usinijue," alisema. "Mama akiniuliza, nitamwambia alizaa mtoto mmoja."

Akaketi vumbini, na kilio kikamtoka.

Ndani ya karandinga, Tai ya Kijivu alikitazama kilio kile kwa kitambo. Kisha akasogea pembeni kwenye benchi, akamwachia dereva nafasi ya kukaa.

Shemeji akakaa.

"Umeona?" Mkuu alisema sikioni. "Amempokea. Ataishi. Kazi safi."

Barafu alikichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, na mikono ikabaki humohumo. Watu wakampisha, mmoja akampiga begani kwa pongezi. Alitembea kuelekea kwenye Hilux bila haraka na bila kugeuka, na mpaka alipofunga mlango bado alikuwa anamsikia mdogo wake akilia kilio cha kweli kabisa.