Jalada la Dobi Aliyepatikana

Siku ile kituo cha polisi kilikuwa na watu watatu: mkuu wa kituo, koplo wa kaunta, na mzee fundi viatu aliyekuja kwa mara ya tisa kumwulizia mkewe, dobi aliyepotea. Wa nne hakuna aliyemwona akiingia.

Benchi la wageni lilikuwa limelowa. Koplo alilifuta kwa leso yake mwenyewe ili mzee asikalie maji, kisha akamsogezea chai yake, maana kikombe kilikuwa kimoja tu.

"Bado, baba," alisema.

Hakuthubutu kumwambia kwamba jalada limefungwa tangu juzi. Mwezi ulikuwa unaisha, makao makuu yalitaka takwimu, na mkuu alikuwa amemwamuru aandike: Amepatikana.

Mzee alipoondoka, benchi lililowa tena. Ikaja harufu ya sabuni ya kufulia, halafu sauti ya nguo ikikamuliwa.

"Afande, unasikia?" koplo alinong'ona.

"Nasikia simu ya makao makuu tu. Funga dirisha."

Alifunga, lakini sauti ilikuwa humo ndani, ikatoka kwenye benchi ikija kaunta, ikiacha nyayo za maji sakafuni, nyayo pana za mtu aliyefua maisha yake yote akiwa pekupeku, na jalada likajifungua lenyewe, na wino wa saini ya koplo ukaanza kuchuruzika, na sauti ya mama, ya upole, iliyochoka kuliko yeye, ikamwuliza sikioni:

"Mmeandika nimepatikana, mwanangu. Nani aliyenipata?"

Mkuu aliisikia pia. Kalamu ilimdondoka.

"Usiliguse hilo jalada," alisema. "Tutashika mkia, na jina litakalopelekwa juu ni lako, si langu."

"Lipelekwe, afande. Nimechoka."

Akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika: Hajatafutwa. Kisha akavaa kofia, akazifuata nyayo zilizokuwa zikitoka mlangoni. Zilimfikisha kwenye kisima cha zamani nyuma ya ukuta wa kituo. Hazikufika hatua mia mbili.

Mzee alimzika mkewe kesho yake. Koplo alikuwa mmoja wa waliobeba.

Kituo kilishika mkia mwezi ule, na koplo akavuliwa cheo. Jumatatu benchi lilikutwa limelowa sehemu sita. Kabatini kulikuwa na majalada mengine sita yaliyofungwa mwezi uleule.