Mwizi Aliyevua Viatu

Kabati la kioo lilikuwa limefungwa vizuri na taa yake hafifu inawaka ndani, lakini chupa ya mbegu haikuwepo.

"Ndiyo pekee iliyobaki, Afande," alisema mwenye karakana, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Ukungu. "Mabwawa yaliingiliwa na vimelea, nikayamwaga yote. Nikasafiri wiki nzima kutafuta dawa ya kuyasafishia. Nimerudi leo kupanda upya, na sina cha kupanda."

Inspekta alichungulia nje. Mabwawa ya simenti yalikuwa yamekauka, meupe pe. Humo Bi Ukungu alikuwa akifuga mwani wa kijani, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kisha akikamua kutoka kwazo rangi nyekundu ya asili, karotenoidi ambayo wenye viwanda vya vipodozi wanaililia. Mbegu aliichagua mwenyewe, kizazi baada ya kizazi. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Bila chupa ile, jasho la ujana wake wote lilikuwa limekwenda na maji.

Inspekta alijijua kuwa mpelelezi hodari na hakuona sababu ya kuwaficha watu jambo hilo. Alikagua kitasa. Hakikuvunjwa. Akapiga magoti kando ya beseni la dawa, ambamo kila anayeingia hulazimika kuchovya miguu. Sakafuni palikuwa na nyayo za pekupeku, dawa imekaukia humo na kuacha alama nyeupe.

"Mwizi alivua viatu," alisema. "Akaosha miguu. Akachukua chupa, akafunga kabati. Nimekamata wezi wengi, lakini mwenye adabu namna hii sijamwona. Huyu ni mtu wa nyumbani."

Mlinzi aliitwa.

"Nani aliingia humu wiki hii?"

"Hakuna mtu, Afande."

"Hakuna kabisa?"

"Hata paka. Haki ya Mungu."

"Funguo ziko kwa nani?"

"Mmoja kwangu, mmoja kwa bosi. Wa akiba uko nyumbani kwao."

"Na huo wa akiba, nani alikuja nao?"

Mlinzi akameza mate. "Baba yake. Lakini yule si mtu, Afande! Yaani... ni mzee wetu."

"Baba?" Bi Ukungu alidakia. "Baba hajawahi kukanyaga hapa. Hili jina la Bi Ukungu ni yeye aliyenibandika. Ametia rangi vitambaa maisha yake yote. Haamini kama rangi inaweza kutoka kwenye maji ya kijani."

Walimkuta mzee nyumbani, sebuleni, pazia limeshushwa mchana kweupe.

"Mbona giza, mzee wangu?"

"Jua kali, mwanangu."

"Jua, au mimi?"

Inspekta alivuta pazia. Dirishani palikuwa na chupa, kizibo chake cha pamba kikiwa mahali pake. Ndani yake maji yalikuwa mekundu kama damu.

Mzee akajifunika uso. "Nifungeni pingu. Nimeiua mbegu ya mwanangu."

"Uliichukua kwa nini?"

"Niwaonyeshe wenzangu tunaocheza nao drafti."

"Uwaonyeshe nini?"

"Wao kila siku ni watoto wao tu. Huyu rubani, yule hakimu. Na mimi nilishajifunga kwa mdomo wangu, nimemwita mwanangu mfuga ukungu. Ningemwambiaje kwamba nimekuwa nikipita nyuma ya ukuta kuchungulia mabwawa yake?" Akaionyesha chupa kwa kidole. "Akasafiri, nikaiazima. Wakanicheka: rangi iko wapi? Nikaiweka juani ichangamke kidogo kabla sijairudisha. Kila siku kijani kikazidi kupotea, nikajua inakufa. Nikaona aibu."

Bi Ukungu alisogea dirishani. Aliinyanyua chupa, akaielekeza kwenye mwanga, akaizungusha polepole. Machozi yalimtoka huku anacheka.

"Baba, haijafa. Jua likiipiga na chakula kikiiishia, inajikinga kwa kujivika nyekundu. Hii ndiyo rangi yenyewe! Nikiilisha, nikaiweka kivulini, itarudi kijani."

Mzee aliikodolea macho. Alikuwa ametafuta wekundu wa namna hiyo tangu ujana wake asiupate.

"Nafuta malalamiko, Afande," alisema Bi Ukungu.

"Utafuta, lakini maelezo lazima niandike," alijibu Inspekta, ambaye hakuwahi kuacha jalada nusunusu. Akamgeukia mzee. "Mlalamikaji ni nani yako?"

"Binti yangu."

"Kazi yake?"

Mzee akasimama, akanyoosha mgongo.

"Andika mtia rangi," alisema. "Kama baba yake. Kisha ongeza kwamba baba yake hamfikii."