Waya wa Chaja

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi seremala, akisafiri na mkewe katika gari lao lenye kitanda. Jioni ya mvua walisimama kwenye maegesho matupu, simu zote zimeisha chaji. Akazifungia kwenye sanduku la bati zisilowe wala kuibiwa, akapitisha waya wa chaja ya gari kwenye tundu la sanduku, akatia kufuli.

Mlinzi akagonga dirisha. "Ondokeni. Hapa hamtakiwi."

"Mvua ikipungua tu, kaka."

"Mtajijua wenyewe."

Akaenda kuzima taa zote za maegesho. Gizani, bati la sanduku likaanza kukwaruzwa.

"Baba, acha kuvuta huo waya," mkewe akanong'ona.

"Sijaugusa."

Akaupapasa, akaukamata. Ulikuwa unaingia sandukuni polepole. Alipoung'ang'ania, ukavutwa kutoka ndani kwa hasira.