Jina Lisilofungwa

Marehemu aliitwa Emilian Leodgar, lakini kwenye skrini jina lake lilikuwa halijaisha. Baada ya herufi ya mwisho vilifuata vimraba vitupu, kisha alama ya kuuliza, kisha herufi zisizo za lugha yoyote, kama mtu aliyekata roho huku bado ana neno mdomoni.

"Wenyewe wanakuja kulichukua jiwe mwisho wa mwezi," alisema Fundi Twalibu. "Nikiwapa hiyo watadhani baba yao kafia China."

"Acha utani, Fundi. Nipe nafasi nione."

Eustadia alivuta stuli. Programu ile aliitengeneza mwenyewe, kwenye meza ya chakula, huku mtoto anamning'inia begani. Kazi yake ni nyepesi kueleza: unaandika jina, dirisha linakuchorea kibao cha kaburi kama kitakavyokuwa, ukiridhika jina linakwenda kwenye mashine na mashine inachonga marumaru. Karakana ya Twalibu, pale Ng'ambo ya Tabora, ilichongea makaburi ya Waislamu na ya Wakristo bila kubagua, ila mashine yake ilikuwa kuukuu. Windows ya siku hizi huihifadhi kila herufi kwenye nafasi pana. Mashine kuukuu inaelewa nafasi finyu tu. Kwa hiyo katikati lazima herufi zigeuzwe, na kwenye kugeuza ndipo jina lilipokuwa linaharibika.

Akafanya kama afanyavyo mtu yeyote anayejaribu programu. Akafuta jina la marehemu, akaandika la kwanza lililomjia kichwani, na mama wa mtoto mmoja humjia jina moja tu. RECHELI. Akaweka kipande cha marumaru kilichovunjika pembe, akabonyeza, mashine ikaanza kulia.

Kilichokuja kwanza ni harufu. Marumaru ikichongwa hunuka vumbi na maji. Hii ilinuka jino, jino la mtu linapokerezwa. Twalibu, aliyekuwa nje anakoroga saruji, akaingia amekunja pua, akalitazama jiwe.

"Recheli nani?"

"Mwanangu, nani mwingine? Najaribu tu."

Twalibu alizima mashine ukutani, akalitoa jiwe, akalipiga nyundo mpaka likawa kokoto, kokoto akazitumbukiza kwenye pipa la maji. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama Recheli, ungeniuliza. Hapa tukijaribu mashine tunaandika sufuria. Tunaandika kabati, tunaandika muhogo. Jina la mtu anayepumua halipandi kwenye jiwe."

"Si umeshalivunja?"

"Jiwe nimelivunja," alisema, akanyoosha kidole kwenye skrini. "Na hilo?"

Eustadia alikuwa ameshafuta na kuandika SUFURIA. Lakini nyuma ya SUFURIA, hafifu kama doa la mafuta kwenye kanga, RECHELI ilikuwa bado ipo.

"Hilo ni la uchoraji tu," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Windows hufuta kwanza ndipo ichore upya. Mimi niliikataza kufuta, kwa sababu dirisha lilikuwa linapepesapepesa linaumiza macho. Ukiikataza, cha zamani kinabaki chini ya kipya. Tazama."

Akashika mausi, akakiburuta kidirisha kidogo juu ya kibao. Kikaacha alama zake nyuma, moja nyuma ya nyingine, kwa mshazari. Jambo la kawaida, alikwisha kuliona mara nyingi. Ila alama hizi zilikuwa nyembamba na zimesimama, na kila moja ilikuwa na kitu kirefu kimelala juu yake, kama mtu aliyejitwika mzigo. Mstari ulivuka skrini yote. Waliotangulia walitazama wanakokwenda. Wa mwisho, ambaye hakuwa na mzigo, alikuwa amegeuza uso kuwatazama wao.

"Zima," alinong'ona Twalibu.

Akazima.

Kazi aliichukua akaenda nayo nyumbani, maana jiwe la Emilian lilikuwa linasubiriwa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani, pale njia ya zamani ya misafara ilipokuwa ikiingia mjini. Baba yake Recheli alikuwa Mpanda kwenye mbao, hivyo walikuwa wawili tu. Alasiri ya kesho yake, akiwa amekaa mbele ya kompyuta, alisikia kitu kizito kikitua uani. Pu. Kisha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akatoka. Hapakuwa na mtu. Kuku tu, wamejibana wote kwenye kona moja na jua linawaka.

Akarudi ndani. "Recheli! Njoo unywe uji."

"Labeka," ikaitika sauti kutoka stoo.

Recheli hasemi labeka. Recheli husema abee, na akinuna hasemi kitu. Na Recheli alikuwa hapo hapo miguuni pake, chini ya meza, anapanga vifuniko vya soda, wala hakuinua kichwa.

"Recheli."

"Labeka." Safari hii karibu zaidi, na yenye kuhema.

Mtoto akainua macho. "Mama," aliuliza taratibu, "nani anaitwa?"

Kuanzia hapo mambo hayakungoja. Mwalimu wake alilalamika kwamba mtoto akiitwa asubuhi anaitika vizuri, tena kwa adabu za kizamani, lakini sauti inatokea nyuma ya darasa wakati yeye kakaa mbele kafumba mdomo. Zahanatini muuguzi alimwuliza jina, Recheli akamtazama tu, na nje kwenye varanda, kwenye benchi lisilo na mtu, jina likatajwa. Recheli akawa hali chakula. Akawa anaitwa hageuki, na ukimshika bega anashtuka kama aliyeamshwa, na kila siku Eustadia alipomvalisha sare alikuta mkanda umelegea, akauvuta tundu la mbele.

Hakuwa mtu wa kukimbilia waganga. Alikimbilia kazi yake. Aliiruhusu tena Windows kufuta kabla ya kuchora. Dirisha likasafishika, lakini sauti ya stoo ikabaki. Akarudi kwenye kugeuza herufi, akasoma mstari kwa mstari, mpaka akalikuta kosa, na lilikuwa la mtu aliyechoka: kila jina ndani ya kompyuta hufungwa kwa alama ya mwisho isiyoonekana, ndiyo inayoiambia mashine ishia hapa, na yeye alitenga nafasi ya kuzitosha herufi peke yake, alama ya mwisho akaisahau, basi kila jina lilikwenda kwenye jiwe likiwa wazi, na mashine ikifika mwisho wa jina bila kuambiwa basi, iliendelea kusoma chochote kilichokuwa kimelala kwenye kumbukumbu upande wa pili, na kilichokuwa kimelala huko, sasa alielewa huku mvua ikianza kulidonoa bati, kilikuwa kimeona mlango haujafungwa, na juu ya mlango jina la mtoto, kikaingia.

Akaitia ile alama ya mwisho. Emilian Leodgar akaisha vizuri, herufi ya mwisho ikawa ya mwisho. Akamwita mwanawe kwa matumaini.

"Labeka," ikasema sauti, nyuma ya sikio lake.

Ndipo alipompigia Twalibu, na Twalibu akaja na shangazi yake.

Bi Mwanahawa alikuwa mfupi, mwuza ubani sokoni, na hakuwa na subira. Mvua ilikuwa imeufanya mchana uwe kiza. Alimtazama Recheli aliyelala kwenye mkeka, akagusa nyayo zake, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Ulimwandika kwenye jiwe?"

"Nilimwandika."

"Kompyuta unazijua, hilo hulijui?"

"Shangazi, usimseme sasa," alinong'ona Twalibu.

"Nimseme lini, akishazika?" Akatia ubani kwenye chetezo, moshi ukapanda, kisha ukainama wenyewe kuelekea stoo. Bi Mwanahawa akauangalia, akashusha sauti. "Uliye humo, unaitwa nani?"

"Recheli."

"Recheli amelala hapa. Wewe una sauti ya mtu mzima."

Ile harufu ya jino likikerezwa ikajaa chumba kizima. "Nilibeba meno ya tembo," ikasema sauti, polepole, kama inayoyatafuta maneno mbali. "Niliugua, wakaugawana mzigo wangu, mimi wakaniacha kwa njia. Hawakuchimba. Walionijua jina walikwenda nalo. Mama huyu kanipa jingine, kaliandika, hakulifunga. Nimeshukuru."

Twalibu alikuwa ameukamata mlango kwa mikono yote miwili. Eustadia alisogea kwenye mkeka, akamlalia mtoto nusu mwili.

"Mfukuze," alisema.

"Jini ningemfukuza," Bi Mwanahawa alinong'ona. "Jini ana jina lake, unamtaja, anatoka. Huyu ukimtaja unamtaja mwanao. Hatoki mpaka apewe jingine."

"Tumpe la uongo. Sufuria. Kabati."

"Wewe ungekubali kuitwa Kabati? Anataka jina ambalo mtu aliitwa akaitika. Na atakayelitoa halirudi kwake. Fikiri vizuri."

Eustadia hakufikiri sana, na nani angefikiri sana, mtoto amelala vile. Jina alikuwa nalo. Mtaani alikuwa Mama Recheli. Kanisani, shuleni, sokoni, Mama Recheli. Hata mumewe, tangu mtoto azaliwe, hakumwita vingine. Jina lake mwenyewe lilikuwa limekaa miaka kama sufuria kubwa ya harusi juu ya kabati, ya kupanguswa vumbi tu.

"Nitampa langu," alisema.

"Nani hukuita kwa hilo?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Hakuna."

Walikwenda karakana alasiri ile ile, mtoto mgongoni, mvua ikiwapiga. Aliandika EUSTADIA, akahakikisha alama ya mwisho ipo, akahakikisha dirisha limefutika jeupe kabla ya kuchora, akabonyeza. Mashine ikachonga. Nyuma yao, pale pasipo na mtu, kitu kilikuwa kinahema, na kadiri herufi zilivyozidi ndivyo pumzi zilivyotulia, na ya mwisho ilipokamilika pakawa kimya kabisa, na marumaru ikanuka vumbi na maji. Jiwe wakalifukia kando ya njia ya zamani, upande wa Kwihara. Bi Mwanahawa akalisomea, Twalibu akasawazisha udongo kwa kisigino cha koleo.

"Recheli," aliita mama yake.

Mtoto akajinyoosha mgongoni. "Abee, mama. Nina njaa."

Akanenepa. Akarudi kugombana na wenzake, akarudi kununa. Jiwe la Emilian lilikuwa limeshachukuliwa na familia ikasifu maandishi, programu haikusumbua tena, na Mama Recheli akapata kazi nyingine, akashona nguo zilizochanika, akalipia shule. Mambo ya stoo hakuyasimulia. Kuna siku alitakiwa kusema jina lake ofisi fulani, akasita, akamkabidhi karani kitambulisho akisome mwenyewe. Akaona ni uchovu.

Mama Recheli alikuwa amemsahau mtu mmoja tu siku ile ya kujibu "hakuna." Mama yake mzazi, anayeishi Kaliua, huwa hamwiti Mama Recheli. Hukaa miezi bila kupigiana simu, mtandao wa kule ni wa kubahatisha, kila mmoja ana shamba lake au kazi yake. Basi Jumapili moja mchana, vyombo vimeoshwa, Recheli yuko mezani anachora, Mama Recheli akapiga.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Dunia imejaa akina mimi."

Akafungua mdomo alitaje jina lake. Ulimi ukainuka, ukakosa kitu cha kusema, ukarudi ukalala. Akajaribu tena. Upande wa pili bibi yule alikuwa anangoja kwa heshima, kama anavyongojewa mgeni.

"Mama Recheli," alisema mwisho.

"Ahaa! Mama Recheli wa Tabora!" Sauti ya bibi ikachangamka. "Tumekusikia sana. Eustadia hakuachi mdomoni. Karibu sana, mwanangu. Amekuja kukaa na mimi, wajua? Kaingia kwa miguu, amekonda, nyayo zimepasuka, sijui hao wa huko walimfanya nini, hataki kusema. Lakini yupo. Kanipikia hapa, kanifulia. Nilikuwa nazeeka peke yangu. Ngoja nimpe simu." Akaita kwa nguvu, vile alivyokuwa akiita zamani kutoka shambani: "Eustadia!"

Mbali, jikoni, mtu akaitika. Nyayo zikaja juu ya udongo mkavu, hazina haraka. Simu ikabadili mkono. Kwanza ikaja pumzi, kisha sauti, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya usichana wake, kabla ya uchovu wote.

"Hujambo, Mama Recheli? Mtoto hajambo?"

Recheli alikuwa ameacha kuchora, anamtazama. Upande wa pili, nyuma ya pumzi zile, bibi alikuwa anacheka mwenyewe kwa furaha huku akipakua chakula cha watu wawili. Ingetosha kupiga kelele, mama, huyo siye. Lakini huyo akifukuzwa Kaliua angerudi kutafuta jina, na njia ya kuja hapa anaijua.

"Hajambo," akajibu Mama Recheli. "Msalimie mama yako."